"Amelala" au "Yuko na Bwana": tuandike ipi kaburini?

Saruji haina subira. Fundi alikuwa ameshasawazisha uso wa kaburi kwa mwiko, amepiga mistari miwili kwa ubao ili maandishi yasipinde, ameshika msumari wa inchi sita na anatutazama. "Haya, semeni basi. Ikikaza hii mtaniletea patasi." Wingu lilikuwa limetanda upande wa Newala, na turubai tuliloazima lilikuwa na tundu katikati. Sisi wapwa wa marehemu tulikuwa tumepatana kila kitu tangu malipo ya korosho yaingie: nani alete saruji, nani nondo, nani mchele na kuku wa kulisha watu. Aya ya kuandika hakuna aliyeiwaza. Kila mmoja alidhani iko wazi.

Kumbe iko wazi kwa kila mtu kivyake. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni Msabato tangu alipohamia Mtwara mjini, alitaka Mhubiri 9:5. Mama mkubwa mwenyewe, aliyeolewa Ndanda akaingia kwa Wakatoliki, alitaka Wafilipi 1:23. Mjomba tuliyekuwa tunamjengea alikuwa Mwanglikana kama mimi, na hakuacha wosia wa aya. Shemeji yetu wa Mikindani, Mwislamu, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akacheka. "Kitabu kimoja, majibu mawili? Mwalimu, wewe ndiye msomaji wa kanisani, waamulie hawa."

Sikuwaamulia pale pale. Nilimwomba fundi afunike saruji kwa mfuko uliolowanishwa, tukaenda kukaa chini ya mkorosho na Biblia mbili. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyalinganisha, pamoja na mengine niliyoyapekua baadaye, kwa ajili ya familia nyingine itakayojikuta kwenye saruji mbichi. Nukuu ni za Union Version ya 1952, ile ambayo wengi wetu tumeikariri tangu utotoni.

Kwanza aya za kaka, maana ni nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mhubiri 9:5: "walio hai wanajua ya kwamba watakufa; lakini wafu hawajui neno lo lote." Zaburi 146:4, mtu akikata pumzi, "siku hiyo mawazo yake yapotea." Zaburi 115:17, wafu hawamsifu BWANA, wameshuka "kwenye kimya." Na Petro, siku ya Pentekoste, akihubiri mbele ya umati, anasema kaburi la Daudi lipo kwao hata leo, kisha anaongeza: "Daudi hakupanda mbinguni" (Matendo 2:29, 34). Kaka alipofika hapo alimgeukia mama yake kwa upole. "Mama, kama Daudi hakupanda, mjomba amepanda lini?"

Mama mkubwa hakutikisika. Katika hiyo Wafilipi 1:23 Paulo, akiwa kifungoni, anasema anatamani "kwenda zangu nikae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana." Kwa Wakorintho anaandika ni afadhali "kutokuwamo katika mwili na kukaa pamoja na Bwana" (2 Wakorintho 5:8). Mlimani Yesu alionekana akizungumza na Musa na Eliya, na Musa huyo alikufa akazikwa Moabu. Katika Ufunuo 6 roho za waliochinjwa zimo chini ya madhabahu, zinalia kwa sauti kuu, "Hata lini?" Aliyelala fofofo haulizi saa.

Hapo ndipo familia nyingi huanza kupandishiana sauti, na kila mmoja ana aya halali mkononi. Mimi nilipendekeza tuache kuhesabu nani ana nyingi, tuulize kila aya inasemwa na nani, kwa nani, na inajibu swali gani.

Mhubiri aliyesomwa nusu

Tulianza na 9:5 kwa sababu ndiyo inayosomwa sana kwenye misiba ya huku, na karibu kila mara inakatwa mahali pabaya. Aya ya 6 inaendelea hivi: mapenzi yao na machukio yao na husuda yao imepotea, "wala hawana sehemu tena milele katika jambo lo lote lililofanyika chini ya jua." Chini ya jua. Maneno hayo yamo katika kitabu hicho zaidi ya mara ishirini, na ndiyo uzio wa shamba lake. Mhubiri anaeleza dunia kama inavyoonekana na mtu aliyesimama juu ya udongo: unalima, unavuna, unakufa, na kule mnadani hakuna anayekuuliza bei umeionaje. Hajasema kitu juu ya kilicho ng'ambo ya jua. Anapokigusa, anasita: "Ni nani ajuaye kama roho ya binadamu huenda juu?" (3:21). Na kitabu kikikaribia kwisha anasema mavumbi huirudia nchi, "nayo roho kumrudia Mungu aliyeitoa" (12:7).

Kaka alinisimamisha, na alikuwa na haki. Hiyo "roho" ya 12:7, alisema, kwa Kiebrania ni ruahi, pumzi, na Mhubiri 3:19 amekwisha sema binadamu na wanyama "wote wanayo pumzi moja." Kinachorudi kwa Mungu ni uhai aliopuliza puani mwa Adamu. Si mjomba anayetembea. Nilimkubalia nusu. Huwezi kujenga mbingu yote juu ya 12:7. Lakini kwa mizani hiyo hiyo huwezi kujenga kimya cha milele juu ya 9:5, kwa sababu aya hiyo nayo ukiisoma kikavu inakataa hata ufufuo: "wala hawana ijara tena." Msabato anaamini ufufuo na anaamini ijara. Kwa hiyo hata yeye haisomi kikavu. Anaisoma pamoja na nyingine, kama sisi sote.

Ipo sababu nyingine inayoipa 9:5 nguvu kwetu kusini, na haimo vitabuni. Bibi zetu walitambika. Walimwaga unga wa mtama chini ya mti, wakawaita waliokufa kwa majina, wakaomba mvua, mtoto, safari njema. Na palipo na kutambika pana hofu pia: mtoto akiumwa, mtu anaulizwa marehemu gani amekasirika. Mhubiri wa injili anayesimama kwenye msiba akasema "wafu hawajui neno lo lote, hawana mapenzi wala machukio" amemfungua mama mmoja kutoka kwenye deni la kondoo. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye matanga: mjane aliyekuwa anatishiwa na ndugu wa mume, akashusha mabega. Kwa hiyo nikipingana na kaka juu ya maana ya aya hii, sipingani naye juu ya kazi yake.

Mkato mmoja wa Ijumaa Kuu

Pambano kubwa la pili ni la mwizi msalabani. Luka 23:43: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Upande wa pili, asubuhi ya Jumapili, Yesu huyo huyo anamwambia Mariamu Magdalene, "Usinishike, kwa maana sijapaa kwenda kwa Baba" (Yohana 20:17). Ijumaa alisema leo, Jumapili bado hajapaa. Sasa?

Jibu la kaka ni la alama za uandishi. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na mkato. Mkato umewekwa na wahariri wa baadaye, na unaweza kuusogeza: "Amin, nakuambia leo, utakuwa pamoja nami peponi." Mashahidi wa Yehova wameusogeza hivyo katika Biblia yao, na Wasabato wengi husoma vivyo hivyo ingawa Biblia wanayoshika ni ileile yetu. Wanataja Kumbukumbu la Torati, ambako Musa anarudia "nikuamuruyo leo" kila mara, kuonyesha kwamba Waebrania walizoea kuweka "leo" kwenye kiapo.

Hoja hiyo ina akili, na kuhusu hati ni kweli kabisa. Inakwama penginepo. Yesu anasema "amin, nakuambia" au "amin, nawaambia" mara nyingi sana katika Injili, na hakuna mahali pengine anapofunga sentensi hiyo kwa "leo." Tena katika Luka neno "leo" huja na uzito wake mbele ya jambo: leo amezaliwa Mwokozi, leo wokovu umefika nyumbani humu. Mwizi alikuwa ameomba, "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," yaani siku moja huko mbele. Kujibiwa "leo" ndiko kunakoifanya sentensi iume. Na sisi wa Kiswahili hatuna hata nafasi ya kuusogeza mkato, kwa sababu wafasiri waliandika "leo hivi." Jaribu: "nakuambia leo hivi, utakuwa..." Masikio yanakataa. Hiyo "hivi" haimo kwenye Kigiriki. Wafasiri waliiweka ili kukaza, na kwa kuikaza wakatuamulia ubishi mzima bila kutuambia.

Vipi basi kuhusu Jumapili? Hapa nafikiri jibu la zamani bado ni zuri kuliko yote, na tunalitamka kanisani bila kulisikia. Imani ya Mitume, kama wanavyoisali Wakatoliki, inasema "akafa, akazikwa, akashukia kuzimu." Ijumaa hiyo Yesu alikwenda waliko wafu. Petro anasema roho yake haikuachwa kuzimu (Matendo 2:27, 31), na huwezi kutoachwa mahali ambako hukufika. Peponi ya mwizi, kwa hesabu hii, ni mahali pa raha palipo upande wa wafu, kile Luka alichokiita kifua cha Ibrahimu. Mbinguni kwa Baba ni jambo la baadaye. Ukitenganisha pepo na mbingu, Ijumaa na Jumapili zinaacha kugombana.

Lakini Kiswahili chetu ndicho kinachofanya kuzitenganisha kuwe kugumu.

Maneno manne yanayotuchanganya

Kuzimu. Neno hili na mzimu ni ndugu wa shina moja. Kule juu Newala vinyago vinavyotoka wakati wa jando huitwa midimu, neno lilelile kwa ulimi wa Kimakonde. Kwa hiyo Mmakonde anaposoma "kuzimu," anasikia mahali penye wakazi. Mwebrania alipoandika Sheoli, neno lililomo mara 65 katika Agano la Kale, alisikia shimo, vumbi, giza, ukimya, mahali pa wema na wabaya bila kubagua. Yakobo akimlilia Yusufu anasema atashuka huko kwa mwanawe. Hakumaanisha moto.

Jehanamu ni kitu kingine kabisa. Ni bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ambako wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni. Yesu alilitumia kama jina la adhabu. Wafasiri wa Kiswahili wanastahili sifa hapa: walitenga kuzimu na jehanamu, wakati Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ilitumia neno moja kwa yote mawili na ikazaa mahubiri ya ajabu kwa karne tatu. Wahubiri wetu wanaochanganya hawana kisingizio.

Peponi: kwa Kigiriki paradeiso, neno lililotoka Uajemi kwa maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta. Limo mara tatu tu katika Agano Jipya. Union Version inaandika "peponi" mara mbili, na ya tatu, Ufunuo 2:7, inaandika "bustani ya Mungu." Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba ni neno lilelile. Na kwa kuwa peponi ndilo neno la Waislamu kwa mahali pa mwisho pa waja wema, Mkristo wa Lindi au Mtwara aliyekulia kati ya misikiti analisikia hivyo: mwisho wa safari. Hasikii chumba cha kupumzikia.

Roho ndilo tatizo kubwa. Waebrania walikuwa na nefeshi na ruahi, Wagiriki psike na pneuma. Sisi tuna nafsi na roho, lakini hatukuzitumia kwa mstari ulionyooka. Mathayo 10:28 inasema wauao mwili hawawezi "kuiua na roho." Ezekieli 18:4 inasema "roho itendayo dhambi, itakufa." Ukiziweka ubavu kwa ubavu ni kama mtu mmoja anakana alichosema mwenzake. Ezekieli lakini anatumia nefeshi kwa maana ya mtu mzima: mtu atendaye dhambi ndiye atakufa, si baba yake wala mwanawe. Anazungumza juu ya nani alipe kosa la nani. Swali la roho kuishi au kutoishi baada ya kifo halimo kabisa katika sura hiyo.

Halafu kuna neno la tano ambalo halimo katika Biblia lakini limo kwenye kila kaburi: marehemu. Asili yake ni Kiarabu, aliyerehemiwa. Tunaliandika kwa rangi nyeusi hata juu ya mtu ambaye kanisa lake linakataa kumwombea. Na "amefariki" asili yake ni kutengana, "ametangulia" ni kwenda, "amelala" ni kulala. Mtu mmoja kwenye msiba mmoja anayatumia yote manne kabla ya chai, na hakuna anayemwambia amejipinga.

Vitabu 66 au 73

Kabla hujabishana na shangazi Mkatoliki, tazama Biblia yake ina vitabu vingapi. Yake ina 73, yako 66. Katika 2 Makabayo 12, Yuda Makabayo anakwenda kuzika askari wake walioanguka vitani, na chini ya nguo za kila mmoja anakuta vitu vilivyowekwa wakfu kwa sanamu. Hirizi, tungesema huku bila kutafuta neno. Hawatupi. Anachangisha drakma 2,000 za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Mama mkubwa alitusomea habari hiyo polepole, na nikaona kaka ameinamisha kichwa, kwa sababu sote tulijua kilichokutwa kwenye begi la mjomba.

Toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, na misa za marehemu zimeegemea hapo, pamoja na mapokeo ya kanisa. Asiyekuwa na kitabu hicho hawezi kulaumiwa kwa kutoiona. Sisi Waanglikana wa Masasi tupo katikati: misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyofika hapa 1876 na watu waliookolewa utumwani, wakiongozwa kutoka Lindi na Askofu Edward Steere, ilikuwa ya mrengo ulio jirani na Ukatoliki, na ikatuachia sala za kuwaombea waliokufa. Mlutheri au mlokole akija msibani kwetu hushangaa.

Hizi nazipita haraka

Isaya 26:14 inasema "wao wamekufa, hawataishi," na aya ya 19, sura ileile, "wafu wako wataishi." Soma aya ya 13: wa kwanza ni mabwana wa kigeni waliowatawala Israeli, wa pili ni watu wa Mungu. Hakuna mgogoro.

Waebrania 9:27 watu wamewekewa kufa mara moja, ilhali Lazaro wa Bethania alikufa akafufuliwa, na bila shaka akafa tena, na Henoko "asije akaona mauti" (11:5), ilhali aya ya 13 inasema "hawa wote wakafa katika imani." Waandishi wanatoa kanuni kwa ujumla, kama sisi tusemavyo korosho huvunwa Oktoba wakati jirani ameshaanza Septemba. Nadhani hapa mtafuta makosa anajichosha.

Samweli wa En-dori hapitiki haraka kiasi hicho. Sauli anamwendea mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, na nabii aliyekwisha kufa anapanda kutoka chini na kulalamika: "Mbona umenitaabisha hata kunipandisha juu?" Kaka anasema lile lilikuwa pepo lililojifanya Samweli. Inawezekana, na torati imekataza kabisa kuwaendea watu wa namna hiyo. Ila msimulizi mwenyewe anaandika "Samweli akamwambia Sauli," wala hasemi kitu kilichofanana na Samweli. Tena alichosema kilitimia kesho yake. Hapa upande wa kaka unalazimika kusahihisha maandishi, na mimi sipendi mtu asahihishe maandishi ili mafundisho yake yakae sawa.

Kisha Luka 16, tajiri na Lazaro. Ni mfano au ni habari? Hakuna mfano mwingine wa Yesu ambao mhusika wake ana jina, na hilo linawapa nguvu wanaosema ni habari. Lakini tajiri amezikwa na bado ana ulimi unaotaka maji, na watu wa kuzimu wanaongea na watu wa raha kama majirani wa ua mmoja. Karibu sura nzima inahusu fedha, na Mafarisayo "wenye kupenda fedha" ndio wanaopigwa. Mimi huisoma kama mfano, na siitumii kuchora ramani ya ahera.

Zile za moto wa milele (Mathayo 25:46) na za waovu kuwa majivu (Malaki 4:3) ni pambano kubwa na la kweli, lakini tuliliacha nje ya makaburi kwa makusudi. Hakuna mtu anayeandika hayo juu ya mjomba wake.

Kila njia na gharama yake

Ukichukua njia ya usingizi, unapata kitu ambacho wengine wamekipoteza: ufufuo unabaki na uzito wake. Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, basi "wao waliolala katika Kristo wamepotea" (1 Wakorintho 15:18). Kama wako mbinguni tayari wakiimba, wamepoteaje? Hata Martin Luther aliwahi kuandika juu ya mauti kama usingizi mzito, ingawa John Calvin aliipinga njia hiyo kwa nguvu. Gharama yake ni matengenezo: usogeze mkato, Samweli awe pepo, Musa awe ameshafufuliwa, na roho za Ufunuo 6 ziwe picha tu. Moja au mbili ningezibeba. Nne zinanielemea.

Njia ya "yuko mbinguni sasa hivi," ambayo ndiyo ya mahubiri mengi ya walokole, inamfariji aliyefiwa haraka kuliko zote, na ina Paulo na mwizi. Gharama yake ni kwamba siku ya mwisho inageuka sherehe ya kukabidhiana vyeti. Nimesikia marehemu wa saa nne asubuhi akiwa amevikwa taji kabla ya adhuhuri. Nilijiuliza parapanda itapigwa kwa ajili ya nani.

Njia ya hatua mbili, pumziko pamoja na Kristo sasa na mwili baadaye, ndiyo ya Wakatoliki, ndiyo yetu, na Waprotestanti wengi wa zamani huishika bila toharani. Sala ya Wakatoliki inaibeba yote kwa pumzi moja: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Mtu anapumzika na taa imewashwa. Gharama yake ni kwamba hakuna aya moja inayoieleza yote. Lazima uishone kwa vipande. Shemeji wa Mikindani aliposikia maelezo haya alisema sisi tunagombania barzakh tu, kizuizi cha mpaka siku ya kufufuliwa, ambacho yeye anacho katika Sura ya 23. Hakukosea sana.

Ipo na ya nne, ya wasomi: kwamba Biblia ni sauti za nyakati tofauti, kwamba Israeli ya kale haikuwa na habari ya ufufuo iliyo wazi mpaka Danieli 12:2, na hata siku za Yesu Masadukayo waliukana. Naiamini sehemu kubwa. Darasani ndiyo ya haki kuliko zote. Kaburini usiilete, watakutazama kama mtu aliyekuja na kipimo cha nguo msibani.

Mimi nimeshika ya tatu, sikio moja likiwa kwa ya nne. Na ni kaka aliyenisaidia kuiona vizuri, ingawa hakukusudia. Alisema: "Aliyelala hajui usiku una urefu gani. Anafumba, anafumbua, kumekucha." Kwa huyo aliyefumba, basi, Wafilipi ya mama mkubwa na usingizi wa kaka vinakutana: akifumba tu, yuko na Kristo. Usiku mrefu ni wetu sisi tunaokesha.

Kwa hiyo, kama unachagua

Familia inayosumbuliwa na hofu ya mizimu, soma Mhubiri 9:5-6, yote mawili, kwa sauti msibani. Usiichonge kaburini. Ukiichonga, watoto wake watakulia wakisoma kwamba baba kumbukumbu lake "limesahauliwa," maana ndivyo 9:5 inavyomalizika.

Kifo cha mtoto: watu hukimbilia Ayubu 1:21, BWANA alitoa. Mimi siipendi ikisemwa na mwingine. Ayubu aliyasema hayo juu ya wanawe mwenyewe, akiwa amerarua joho lake. Rafiki zake waliofika na kukaa kimya siku saba walifanya vema kuliko walipofungua mdomo. Mchukue Daudi: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23). Haielezi ahera, inasema tu wataonana.

Familia yenye makanisa mawili au matatu, kama yetu, ina 1 Wathesalonike 4:14: "hao waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye." Waliolala, ya kaka. Pamoja naye, ya mama mkubwa. Na 5:10 inaongeza, "ikiwa twakesha au ikiwa twalala." Hizo nilisoma mimi siku ile.

Lakini ni ndefu kwa msumari. Fundi alikuwa ameshafunua mfuko na anagusa saruji kwa kidole. Nikamwambia kaka afungue Yohana 11:11, anaposema Yesu: "Rafiki yetu, Lazaro, amelala, lakini ninakwenda nipate kumwamsha." Akaisoma mara mbili. Mama mkubwa akauliza ni nani anayesema, akaambiwa ni Bwana mwenyewe, akasema basi mwache aseme.

Matone ya kwanza yalianguka fundi akiwa amemaliza jina na mwaka. Nafasi iliyobaki, na mvua iliyokuwa inakuja, zilitosha YN 11:11 tu. Mjukuu mmoja aliyekuwa ameshika ncha ya turubai aliitazama sana, akauliza kama hiyo ndiyo saa babu aliyokufa.

"Hapana," mama mkubwa akamjibu, "babu yako alikufa saa tisa za usiku. Vuta huko, maji yanaingia."